Unga Juu ya Reli ya Uani

Jumatatu, 22 Juni 1953

Nimekata mataruma, vibao vya kulazia reli, tangu asubuhi. Vidole vimevimba. Mninga niliopewa ni mbichi, unapinda ukikauka, kwa hiyo nimerudi kwenye mbao za makasha nilizotoka nazo Nachingwea. Mkanda wa chuma uliofungia makasha hayo ndio reli yangu. Naunyoosha kwa nyundo juu ya jiwe, nausimamisha kwa ubavu. Upana wa njia ni vidole viwili. Nyembamba. Hata ile ya kweli ingekuwa nyembamba, bwana mpima alisema, si kama ile kubwa ya kutoka bandarini, bali kama njia za troli kwenye mashamba ya mkonge.

Katika reli hii ya uani, Nachingwea iko mlangoni pa jiko. Ruangwa iko chini ya mkorosho, upande wa pili wa ua. Katikati kuna kila kilima nilichokipanda na mnyororo wa kupimia begani. Kiangazi kizima tulitembea na bwana mpima, tukipigilia vigingi kutoka Nachingwea mpaka hapa, na vingine kuelekea Mbekenyera. Kisha karanga, ambazo reli ile ingezibeba, zikakataa kuwa nyingi kama wenye mashamba walivyotaka. Wazungu wakafunga mizigo. Bwana mpima akaenda kwao bila hata kuaga vizuri. Karakana ikaniambia seremala hahitajiki tena, nami nikarudi huku ukweni kukaa.

Somoe kaniuliza tena leo, mume wangu, unamjengea nani hiki kitu. Nikaendelea kugonga nyundo.  Najua tu kwamba nilitembea njia ile yote kwa miguu yangu, na haipo. Inaniudhi.

Alhamisi, 25 Juni

Injini imetembea!

Tumbo lake ni springi ya mashine ya santuri iliyovunjika. Mwili ni kopo la siagi. Bomba la moshi ni mwanzi. Magurudumu ni mpingo, yamenitoa jasho. Nikaitia ufunguo, nikaiweka Nachingwea, nikaiachia. Ikapita kilima cha kwanza, ikapita korongo, ikafika Ruangwa na kugonga mzizi wa mkorosho. Nikapiga kelele kama mwendawazimu. Somoe alitoka jikoni akidhani nimeng'atwa na nyoka. Aliponiona nimepiga magoti mbele ya kopo, akarudi ndani.

Nina furaha. Halafu nikakaa chini nikajiuliza, furaha ya nini?

Jumapili, 28 Juni

Sikuelewa kilichotokea leo.

Walikuja watu kutazama. Vizuri, waje. Lakini hawakutazama kama watu wanaotazama kitu cha kuchezea. Mwanamke mmoja akaniomba nisogeze njia kidogo, imepita karibu mno na kisima chao. Nikamwambia mama, hiki ni kisima cha udongo, nimekifinyanga mwenyewe. Akasema ndiyo, lakini ni chetu. Nikasogeza. Sijui kwa nini nilisogeza.

Kisha akaja jumbe. Mtu wa serikali, anayejua fika kwamba sina kazi. Akazunguka reli mikono mgongoni, akaniuliza stesheni ya Ruangwa itakuwa wapi. Nikamwonyesha mzizi wa mkorosho. Akasema hapana, mbele ya nyumba yake pana kiwanja kizuri zaidi. Jioni kaniletea jogoo. Nimempokea. Somoe amecheka mpaka machozi. Sasa jumbe ana stesheni na mimi nina jogoo, na serikali haina habari.

Mtu mmoja tu hakuja kutazama. Mama mkwe. Alikaa barazani kwake, ng'ambo ya ua, akichambua ufuta, reli ameipa mgongo.

Ijumaa, 3 Julai

Unga juu ya reli.

Unga wa mtama, kijilima kidogo, umewekwa kwa vidole, kwa adabu. Mahali penyewe ni kabla ya kufika Ruangwa, pale penye kijito. Nilipotengeneza pale nililiweka shamba la mama mkwe, maana ndivyo ilivyo kweli. Vigingi vya bwana mpima vilipita katikati ya mtama wake, karibu na makaburi ya wazee wake. Mimi ndiye niliyepigilia kigingi kile. Sikuwa nimeoa bado.

Hata kwetu Masasi watu huweka unga. Unawekwa chini ya mti, kuwaomba wazee waliotangulia. Waombwe kitu kije au waombwe kitu kisije, anayejua ni aliyeweka. Swala tano tunaswali na unga tunaweka, hakuna anayeona ajabu. Lakini juu ya reli ya mkanda wa makasha? Nimeufagia.

Jumanne, 7 Julai

Unga tena. Nimefagia tena. Na injini sasa inakwama palepale. Inatoka Nachingwea vizuri, inafika shambani kwa mama mkwe, inatetemeka, inalala. Nikaianzishia karibu zaidi ili springi iwe na nguvu. Ikalala palepale. Nikapaka mafuta. Palepale.

Majirani wanaangaliana.  Najua wanachofikiri.

Nami nimeanza kufikiri hivyohivyo, ndicho kinachonikera. Mimi fundi. Nimepima miinuko ya ile njia. Kitu kikikwama kina sababu.

Alhamisi, 16 Julai

Sababu nimeipata, nusu yake. Kuku. Alfajiri unga unawekwa, kukipambazuka kuku wanakuja kudonoa, wanaparura tuta, mataruma yanabonyea, reli zinapishana. Injini inakwama. Basi. Wazee hawana hatia.

Lakini unga una mwenyewe. Leo nimeamka mapema nikamwona. Ni mama mkwe. Ameinama pale kijitoni, khanga kichwani mpaka machoni, midomo inamtembea. Nilirudi ndani haraka kabla hajaniona.

Siwezi kumuuliza. Tangu nimuoe Somoe sijamtazama usoni. Nikimwona njiani naingia majanini mpaka apite. Akiwa na neno kwangu anamwambia Somoe, nami nikijibu namwambia Somoe. Ndiyo heshima ya mkwe, kwetu na kwao. Mpaka leo sijawahi kuiona nzito.

Nimemuuliza Somoe mama anaomba nini pale. Akasema mambo ya mtu na wazee wake hayaulizwi. Nikasema anaizuia reli yangu. Akachukua ndoo, akaenda kuchota maji.

Basi hivyo ndivyo. Mama mkwe hataki treni ipite makaburini. Hata hii ya kopo. Nimeumia kuliko nilivyotarajia. Ninakaa kwake, nakula mtama wake, na kila alfajiri ananiombea nishindwe.

Jumamosi, 25 Julai

Nimerudi jana kutoka Nachingwea, kwa lori la ufuta. Nilifuata waya na misumari. Ndivyo nilivyomwambia Somoe.

Ukweli nilikwenda kuuliza. Watu wamenichanganya na stesheni zao mpaka nikaanza kuwaza, labda wanajua nisichokijua. Labda njia itajengwa. Nikaingia ofisini nilikokuwa naweka rafu za vitabu, nikamkuta karani ninayemfahamu. Hakunicheka. Afadhali angecheka. Akasema, fundi, ile njia ya Ruangwa imekufa. Si mwaka huu, si mwaka ujao. Haipo.

Nilijua. Mbona basi nilimwomba aseme tena?

Nikamuuliza na habari za Issa. Issa ni ndugu yake Somoe, mtoto wa mwisho wa mama mkwe. Alifuata kazi ya kutandika reli kubwa kuelekea Mtwara, misimu miwili ya mvua iliyopita. Alipoondoka alimwambia mama yake asimngojee barabarani, atarudi na treni, itamteremsha mlangoni. Kijana mwenye maneno. Salamu zake za mwisho zilikuja na dereva wa lori, kisha kimya. Karani hamjui. Waliotandika reli wametawanyika, akasema. Nikauliza na pale stesheni, na sokoni. Hakuna amjuaye.

Sijamwambia Somoe hata moja. Nikimwambia kwamba njia imekufa, mama yake atasikia kabla ya chakula cha jioni. Atafurahi kwamba treni haipiti makaburini au atalia kwa ajili ya Issa? Sijui. Hilo ndilo linalonizungusha kichwa. Mtu hawezi kuizuia reli na kuingojea kwa wakati mmoja.

Jumanne, 4 Agosti

Nimeweka miiba. Matawi ya mgunga, pande zote mbili za kijito, kuku wasipite.

Sijidanganyi. Si kuku tu.

Jumatano, 5 Agosti

Unga umewekwa nje ya miiba. Injini imepita mpaka Ruangwa. Watu wawili walikuwepo, hakuna aliyeshangilia. Hata mimi sikushangilia.

Chakula hakikuja mchana.

Jumapili, 9 Agosti

Somoe amehamia kwa mama yake. Hatua chache tu kuvuka ua, lakini amebeba mkeka na mto. Kasema, umemwekea mama yangu miiba kama fisi. Nikasema nimewawekea kuku. Akasema kuku wana majina yao na mama yangu ana lake, nisimfiche mmoja nyuma ya wengine.

Nimepika muhogo mwenyewe. Umeungua. Jogoo wa jumbe ananitazama.

Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Hii ni nyumba yao, uwanja wao. Mwanamume akioa huku anakaa kwa watu, na watu wakimchoka anafungasha. Ndivyo ilivyo na sikulalamika siku zote. Lakini nifungashe kwa ajili ya kopo la siagi?

Jumapili, 23 Agosti

Idi ya kuchinja imepita. Nilikula kwa majirani, aibu tupu.

Leo Mjomba Abdala kaja kutoka Mbekenyera kusikiliza kesi. Ni kaka yake mama mkwe, na neno lake ndilo neno la nyumba hii. Tulikaa barazani wanaume. Mama mkwe alikuwa ndani, nyuma ya ukuta, anasikia kila kitu. Mjomba akaniuliza kwa upole kwa nini nimemzuilia dada yake. Nikasema yeye ndiye anayeizuia reli yangu. Nikaeleza unga, nikaeleza kuku, nikaeleza mataruma. Nilieleza vizuri sana.

 Mjomba akaangalia chini. Mzee mmoja akakohoa, nadhani alikuwa anaficha kicheko, au si kicheko. Kana kwamba kuna kitu wanachojua wote na wanadhani nakijua, isipokuwa najitia hamnazo. Wallahi sikijui.

Mjomba akasema hawezi kunitafsiria maombi ya mtu mwingine. Akasema miiba iondoke kabla ya Ijumaa, la sivyo niondoke mimi. Hakupandisha sauti. Kisha akaomba aonyeshwe injini. Nikaitia ufunguo akaitazama ikienda, akatabasamu kama mtoto, akarudi kwao.

Kichwa kinaniuma.

Jumatatu, 24 Agosti

Nimeamua. Sitoi miiba, natoa reli. Nitaing'oa yote, nirudi Masasi, niwaachie uwanja wao. Mtu anayejenga njia iliyokufa na kugombana kwa ajili yake amepungukiwa. Nimeanzia upande wa Ruangwa. Misumari inalia inapotoka. Stesheni ya jumbe imekuwa ya kwanza kwenda, Mungu anisamehe kuhusu yule jogoo. Nimefika karibu na kijito nikachoka. Kesho namaliza.

Jumanne, 25 Agosti

Niandike polepole, nisiharibu.

Asubuhi jua limeshatoka nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya ghala la mtama, natafuta koleo langu. Injini ilikuwa juu ya kipande cha reli kilichobaki, karibu na miiba. Nikasikia nyayo. Mama mkwe. Heshima inataka niondoke, lakini ghala limeshikana na ukuta, nikitoka ningetokea mbele yake. Nikageuza uso nikatulia. Alijua nipo. Koti langu lilikuwa limetundikwa palepale, hata kipofu angejua.

Hakusema nami. Hajawahi na hakuanza leo. Alisema na injini.

"Wewe gari la moshi," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema na jirani, "mwenye kukuunda anadhani mimi nakuzuia. Nikuzuie kwa nini? Nimekuombea usimame. Kila siku unapita shambani kwangu mbio, mpaka Ruangwa kwa jumbe. Sasa mwanangu atateremkaje? Ataruka? Nyumba yake ni hapa. Nimewaambia wazee, mshikeni kidogo huyu hapa kijitoni, Issa ashuke na mzigo wake. Basi. Nimekosa nini?"

Nilibandika uso kwenye udongo wa ukuta. Mwezi mzima nafagia. Nafagia stesheni!

Kisha nikaogopa. Nikawaza, sasa ndiyo vibaya zaidi, kwa sababu najua ya Nachingwea na yeye anangoja. Kunyamaza kungekuwa rahisi. Nimenyamaza mwezi mzima na nimeona kulikonifikisha. Nikajibu. Na mimi nikaiambia injini, mgongo nimempa yeye.

"Gari la moshi, mwambie mama anisamehe. Na umwambie reli ya kweli haijengwi. Nimeambiwa Nachingwea. Imekufa."

 Kuku walikuwa wanapiga kelele mahali.

"Gari la moshi," akasema, "mwambie mkwe wangu kile kigingi cha shambani kwangu nilikipikia mtama mwaka juzi. Na vya jirani pia. Hakuna mtu aliyekuja kuuliza. Serikali inayotaka kujenga haiachi vigingi vyake viwe kuni. Hilo nililijua zamani kuliko yeye. Mimi naomba kwa hili la uani, maana hili linatembea."

Nikakwangua ukuta kwa kucha. 

 Nikasikia anavuta pumzi. "Na mwambie," akasema, sasa sauti imepungua, "kama aliniulizia mwanangu huko, aseme. Hata kama ni baya."

Nikaiambia injini kwamba nimeuliza ofisini, stesheni, na sokoni. Kwamba hawamjui aliko. Kwamba sikusikia baya wala jema.

Hakulia. Nilisikia kitambaa kinafunguliwa, unga unamiminwa. Kisha nyayo zikaenda taratibu kuelekea kwake. Nilipogeuka, kijilima kilikuwa pale nje ya miiba, pamoja na koleo langu, limewekwa kando yake. Sijui alilitoa wapi.

Nimetoa miiba. Imenichoma mikono yote miwili. Nimelia kidogo, naandika kwa sababu ni kweli, na sijui hasa nilimlilia nani kati yetu.

Sielewi bado. Anajua kwamba njia haipo na anaiombea treni isimame. Nimejenga kitu najua hakipo na nikakasirika kilipokwama. Labda sina haki ya kumshangaa.

Jumapili, 30 Agosti

Somoe amerudi na mkeka na mto. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alidhani najua, maana nani mwingine katika nyumba hii anangojea kitu kutoka kwenye treni. Alidhani nafagia makusudi, kwa sababu sitaki Issa arudi kugawana shamba. Mke wangu! Amelala pembeni yangu mwezi mzima akifikiri hivyo. Tumekasirikiana kidogo, tukacheka kidogo. Kisha hatukucheka.

Nilimwambia ya karani. Akasema mama kishamwambia.

Jumamosi, 12 Septemba

Kazi imekwisha. Korosho za kwanza zimeanza kudondoka chini ya mkorosho, pale palipokuwa Ruangwa.

Sikuirudisha ile sehemu niliyoing'oa. Njia sasa inatoka Nachingwea mlangoni pa jiko na kuishia kijitoni, shambani kwa mama mkwe. Nimeweka banda dogo la makuti, urefu wa kiganja. Somoe aliliangalia akasema halina benchi, mtu akingoja atakaa wapi. Nimetengeneza benchi. Tuta nimelishindilia kwa mawe madogo, kuku waparure watakavyo.

Jumbe alipita juzi. Amesikitika sana kuhusu stesheni yake. Kasema mambo ya serikali ndivyo yalivyo. Nilitaka kumrudishia jogoo, amekataa.

Mjomba Abdala ametuma mtu kuuliza kama nitampelekea injini Mbekenyera siku moja, awaonyeshe wajukuu. Labda. Karakana moja Nachingwea inatafuta fundi wa milango, nitakwenda kuulizia wiki ijayo. Nitamuulizia na Issa, kama kawaida.

Asubuhi ya leo unga ulikuwepo. Sikuufagia. Nikaitia injini ufunguo, nikaiachia. Imepita kilima, imepita korongo, imeingia kwenye unga taratibu na kusimama mbele ya banda. Mama mkwe alikuwa anapita kwenda shamba, jembe begani. Nikageuza uso, naye akavuta khanga. Nikasikia amesimama kidogo nyuma yangu, kisha akaendelea na njia yake.

Nimeiacha pale mpaka mchana.